Kupima Myeyusho wa Polima Unavyotiririka na Unavyovutika: Mwongozo Kamili

Chukua chupa mbili. Ya kwanza ina gliserini na maji, nusu kwa nusu kwa uzito. Ya pili ni maji yaliyotiwa kiasi kidogo cha poliethilini oksaidi, polima ndefu inayoyeyuka majini, kiasi cha kuufanya mnato wake ulingane na wa chupa ya kwanza: karibu milipaskali-sekunde 5 (mPa·s) kwenye 25°C. Zimimine kwenye vikombe, jicho halitaona tofauti. Sasa chovya ncha ya kidole katika kimiminika cha kwanza, kigusishe na kidole gumba, kisha vitenganishe taratibu. Gliserini inakatika papo hapo. Rudia kwa cha pili. Hapo unabaki uzi, mwembamba kama wa buibui, unaometa kwenye mwanga. Unazidi kukonda lakini haukatiki, na mwishoni vishanga vidogo vya maji hujipanga juu yake kama tasbihi.

Riometa ya kawaida, yaani kifaa cha kupima mnato, itakuambia vimiminika hivi viwili ni kitu kimoja. Haidanganyi, ila imeulizwa swali moja tu: tabaka za kimiminika zikiteleza moja juu ya nyingine, zinapingana kwa nguvu kiasi gani? Haijaulizwa kimiminika kikivutwa kinafanya nini. Na kwenye kazi nyingi, swali hilo la pili ndilo lenye uamuzi. Wino unaotoka kwenye printa ya kurusha matone, dawa inayopulizwa shambani, nyuzi zinazofumwa kwa umeme, hata mate mdomoni, vyote hivyo huvutwa kabla ya kukatika. Mwongozo huu unapima yote mawili, na unakaa zaidi kwenye la pili kwa sababu ndilo watu wengi huliruka.

Maneno tutakayotumia

Mnato wa kuteleza ni ule wa riometa ya kuzunguka. Mnato wa kuvutika ni ukinzani wa kimiminika kinapovutwa kwa urefu. Mwaka 1906 mwanafizikia Frederick Trouton alionyesha kwamba kwa kimiminika cha kawaida, mnato wa kuvutika ni mara 3 ya ule wa kuteleza. Uwiano wa minato hiyo miwili unabeba jina lake hadi leo. Kwa miyeyusho ya polima unaweza kupanda hadi maelfu.

Sababu iko kwenye umbo la molekuli. Mnyororo wa poliethilini oksaidi wenye uzito wa molekuli milioni 4 (gramu kwa moli), ukiwa umetulia majini, umejikunja kama fundo lenye nusukipenyo cha takriban mikromita 0.15. Ukinyooshwa wote unapita mikromita 20. Tabaka zinapoteleza, fundo hilo huvutika kidogo, likapinduka, likajikunja tena. Kimiminika kinapovutwa hakuna kupinduka, kwa hiyo fundo huzidi kufunguka. Mwanafizikia Pierre-Gilles de Gennes alieleza mwaka 1974 kwamba kufunguka huko hutokea kwa ghafla, mara kasi ya kuvuta inapozidi uwezo wa mnyororo kujikunja. Uwezo huo tunaupima kwa muda: muda wa kulegea, yaani muda ambao mnyororo ulionyooshwa huchukua kurudi katika fundo lake. Tutauandika λ. Ukitoka na namba moja tu kwenye kazi hii yote, iwe hiyo.

Hatua ya 1: Andaa myeyusho bila kuukata

Makosa mengi ya vipimo hivi huzaliwa hapa, kabla hata kifaa hakijawashwa, ndiyo maana sina haraka na hatua hii.

Pima kwa uzito, si kwa ujazo: polima kwa mizani inayosoma hadi miligramu 0.1, maji kwa mizani vilevile. Weka maji yaliyokenekwa kwenye chombo kipana, yakoroge hadi katikati pawe na shimo la mzunguko, kisha nyunyiza unga kwenye ukingo wa shimo hilo, kidogo kidogo, ukimaliza ndani ya dakika moja hivi. Ukiumwaga wote kwa pamoja utapata mabonge yenye ngozi ya ute nje na unga mkavu ndani, na mabonge hayo yanaweza kukaa siku nyingi bila kuyeyuka. Njia nyingine ni kuulowesha unga kwanza kwa ethanoli kidogo, punje zitengane, ndipo uongeze maji. Ukifanya hivyo, kumbuka kwamba pombe inapunguza mvutano wa uso (nguvu inayobana uso wa kimiminika), kwa hiyo iandike na kuihesabu kama sehemu ya kiyeyushi.

Unga ukishasambaa, acha kukoroga kwa nguvu. Hamishia chupa kwenye roli zinazoigeuza polepole na uiache siku mbili au tatu. Niliwahi kuacha chupa juu ya sumaku ya kukorogea usiku kucha nikidhani naharakisha kazi. Asubuhi mnato wa kuteleza ulikuwa umeshuka kidogo tu, kiasi cha kudhani ni kosa la kipimo. Lakini uzi ulikatika kabla hata ya nusu ya muda wa jana yake. Sumaku inayokimbia huvuta kimiminika kwa nguvu pembezoni mwake, na minyororo mirefu kuliko yote ndiyo hukatika kwanza, mara nyingi karibu na katikati. Muda wa kulegea unategemea urefu kwa ukali sana: ukiukata mnyororo nusu kwa nusu, muda wake unashuka hadi karibu thuluthi. Mnato wa kuteleza wa myeyusho mwepesi hauoni msiba huo kwa sababu sehemu kubwa ya mnato ni maji yenyewe.

Kwa sababu hiyohiyo, usiondoe viputo kwa mawimbi ya sauti, usipitishe myeyusho kwenye chujio lenye matundu madogo, wala usiusukume kwa kasi kupitia sindano nyembamba. Viputo vitatoka vyenyewe chupa ikikaa wima kwa saa kadhaa. Hifadhi gizani na kwenye ubaridi, maana oksijeni na mwanga huendelea kukata minyororo hata chupa ikiwa imetulia kabatini. Andika tarehe kwenye chupa, na siku ya kipimo andika umri wa myeyusho.

Hatua ya 2: Jua uko upande gani wa msongamano

Kuna kiwango cha msongamano, yaani kiasi cha polima ndani ya myeyusho, ambapo mafundo ya polima huanza kugusana. Chini yake kila mnyororo uko peke yake, juu yake huanza kubanana. Kiwango hicho, c*, hukadiriwa kwa kugawa 0.77 kwa mnato asilia wa polima katika kiyeyushi hicho, yaani kipimo cha jinsi kila gramu ya polima inavyoongeza mnato. Kwa poliethilini oksaidi kwenye maji, mnato asilia katika sentimita za ujazo kwa gramu hukadiriwa kwa kuchukua uzito wa molekuli, kuupandisha kwa kipeo cha 0.65, na kuzidisha kwa 0.072. Polima ya milioni 1 inatoa karibu 570, hivyo c* ni takriban 0.13% kwa uzito. Ya milioni 4 inatoa karibu 1,400, na c* inashuka hadi 0.055% hivi.

Tengeneza mfululizo wa miyeyusho inayovuka kiwango hicho: mmoja chini sana, mmoja karibu, mwingine juu yake mara tatu au nne. Myeyusho mmoja peke yake hautakuonyesha kama namba yako ina mantiki. Mfululizo utaonyesha λ ikipanda pamoja na msongamano, na usipoona ikipanda rudi Hatua ya 1.

Hatua ya 3: Mnato wa kuteleza

Kwa miyeyusho myepesi tumia koni na bamba, kipenyo cha milimita 40 hadi 60, pembe ya 1° au 2°. Koni inafaa kuliko bamba mbili bapa kwa sababu kasi ya kuteleza inakuwa karibu sawa kila mahali chini yake.

Anza na maji matupu. Hili si la hiari. Kwenye 25°C maji yanatakiwa kutoa 0.89 mPa·s kwa kasi zote, mstari mlalo. Hautakuwa mlalo, na namna unavyopinda ndiyo ramani ya mipaka ya kifaa chako. Upande wa kasi ndogo utaona mnato ukionekana kupanda. Hapo torki (nguvu ya kuzungusha koni) imekuwa ndogo kiasi kwamba mvutano wa uso kwenye ukingo wa sampuli, ambao kamwe hauwi duara kamili, unaisukuma koni kidogo, na kifaa kinausoma msukumo huo kama mnato. Upande wa kasi kubwa mnato unapanda tena, kwa sababu kimiminika kinarushwa nje na kuanza kuzunguka ndani yake chenyewe. Weka alama sehemu hizo mbili. Data ya polima itakayoangukia nje ya alama hizo usiitumie, hata ikionekana nzuri namna gani.

Hesabu ya haraka inasaidia. Torki kwenye koni ni 2π/3 mara mchemraba wa nusukipenyo mara mkazo wa kuteleza, ambao ni mnato mara kasi ya kuteleza. Kwa koni ya milimita 40, mnato wa 5 mPa·s na kasi ya 1 kwa sekunde, torki ni karibu mikronyutoni-mita 0.08. Ikiwa kifaa chako hakiaminiki chini ya 0.1, basi kwenye kasi hiyo unasoma kelele. Watu wengi wamewahi kuona "kupungua kwa mnato" kasi inapopanda kutoka hapo chini na kukieleza kwa kurasa nzima, kumbe ni ukingo wa sampuli.

Sasa weka myeyusho. Mimina, au tumia pipeti iliyokatwa ncha ili tundu liwe pana. Shusha koni polepole, safisha ukingo, funika kwa kifuniko chenye kiyeyushi kidogo ili maji yasipae, kisha subiri dakika kadhaa joto litulie na minyororo ilegee. Pima kutoka kasi ndogo kwenda kubwa, halafu rudi chini. Mistari ya kwenda na kurudi ikilala juu ya mwenzake, vizuri. Wa kurudi ukiwa juu, maji yamepaa. Ukiwa chini, huenda umekata minyororo.

Soma mambo mawili: mnato wa kasi ndogo pale mstari unapokuwa mlalo, na kasi ambapo unaanza kushuka. Kigeuze cha kasi hiyo, yaani 1 ukigawanya kwa kasi yenyewe, ni makisio ya kwanza ya muda wa kulegea. Myeyusho mwepesi huenda usishuke kabisa ndani ya mipaka ya kifaa. Hilo nalo ni jibu, liandike hivyohivyo.

Ukiwa hapo unaweza pia kujaribu mtikisiko wa kwenda na kurudi. Kwa miyeyusho mizito, iliyo juu sana ya c*, inafanya kazi nzuri. Kwa miyeyusho myepesi yenye λ ya milisekunde moja au mbili, utahitaji mitikisiko ya haraka mno, na inersia ya kifaa chenyewe itafunika ishara ya polima. Usipoteze siku nzima huko.

Hatua ya 4: Mvutano wa uso na uzani

Hatua fupi. Pima mvutano wa uso kwa tone linaloning'inia au kwa bamba la kuchovya. Maji ni milinyutoni 72 kwa mita kwenye 25°C, na poliethilini oksaidi huushusha hadi karibu 62. Pima na uzani wa ujazo. Namba hizi mbili zitahitajika kwenye kila hesabu inayofuata, na kutumia za maji matupu kutakupotosha kwa zaidi ya asilimia 10.

Hatua ya 5: Tengeneza uzi

Wazo ni jepesi na linapendeza. Kimiminika kikiachwa katikati ya sehemu mbili, mvutano wa uso unabana shingo yake. Shingo ikibanwa, kimiminika ndani yake kinavutika kwa urefu. Kwa hiyo uzi unajivuta wenyewe, na kazi yetu ni kuutazama tu. A. V. Bazilevsky, V. M. Entov na A. N. Rozhkov walijenga kifaa cha namna hiyo na kukieleza mwaka 1990: bamba mbili ndogo zenye tone katikati, zinazotenganishwa ghafla. Njia hiyo ni nzuri kwa vimiminika vizito. Kwa vyepesi ina tatizo, kwani kuhamisha bamba kunachukua makumi ya milisekunde, na myeyusho wako unaweza kukatika bamba zikiwa bado safarini.

Mwaka 2015 Vivek Sharma, Jelena Dinic na wenzao kwenye Chuo Kikuu cha Illinois, Chicago, walitoa njia ya kudondosha tone juu ya bamba. Hakuna kinachohamishwa. Tone linashushwa polepole hadi liguse kioo, linatandaa, na shingo inabaki kati ya kioo na sindano. Njia hii inahitaji sindano, pampu, mwanga na kamera, basi. Ndiyo ninayoipendekeza.

Tumia sindano yenye ncha bapa, geji 18, ambayo kipenyo chake cha nje ni milimita 1.27. Iweke wima kabisa. Chini yake weka kioo safi cha darubini, umbali wa takriban mara 3 ya kipenyo cha sindano, yaani karibu milimita 4. Kioo kioshwe hadi maji yatandae juu yake bila kujikusanya. Kioo chenye mafuta kitalifanya tone lisimame na kuyumba, na uzi utayumba nalo. Pampu isukume mililita 0.02 kwa dakika, polepole kiasi kwamba mtiririko wenyewe usiwe na mchango wowote kwenye kuvutika.

Nyuma ya uzi weka taa kali yenye kitambaa cheupe au karatasi ya kusambaza mwanga, mbele weka kamera. Uzi uonekane mweusi juu ya usuli mweupe. Kwa miyeyusho myepesi unahitaji fremu 1,000 kwa sekunde au zaidi, mwanga ukiingia kwa muda mfupi sana, sehemu ya kumi elfu ya sekunde au chini yake, ili kingo zisififie. Simu zinazopiga fremu 240 kwa sekunde zinaweza kutumika kwa miyeyusho yenye λ ya makumi ya milisekunde. Chini ya hapo utapata nukta tatu au nne kwenye mstari, na mstari wa nukta tatu hauna uzito.

Acha tone likue. Angalia fremu zinavyopita. Tone linagusa kioo, linatandaa, na shingo inaporomoka kwa kasi ya kutisha, ikiwa na umbo la glasi ya saa ya mchanga, kama ambavyo maji matupu yangefanya. Kisha, kwenye fremu chache tu, kitu kinabadilika. Kiuno cha glasi ya saa kinanyooka. Kingo mbili zinakuwa mistari sambamba, uzi unakuwa silinda safi kutoka juu hadi chini, na kuporomoka kunageuka kuwa kukonda kwa utulivu. Hapo ndipo minyororo imefunguka na kuanza kubeba mzigo. Nimeutazama mgeuko huo mara nyingi sana na bado huwa narudisha video nyuma niuone tena.

Rudia mara 5 kwa uchache, kila mara tone jipya na kioo kipya. Futa ncha ya sindano kila baada ya tone, maana polima iliyokaukia hapo inakuwa pete ngumu inayobadilisha kipenyo.

Hatua ya 6: Kutoka picha hadi kipenyo

Programu ya ImageJ ni ya bure na inatosha, ingawa ukijua kuandika msimbo mfupi utafanya video nzima kwa sekunde chache. Kipenyo cha nje cha sindano, ulichokipima kwa kifaa cha mikromita na kukiona kwenye fremu hiyohiyo, ndicho rula yako. Tafuta kingo za uzi mahali mwanga unaposhuka hadi nusu, kisha chukua kipenyo kidogo kuliko vyote katika kila fremu.

Weka mpaka wa chini: uzi ukiwa chini ya pikseli 5, acha. Kama pikseli moja ni mikromita 5, data yako inaishia mikromita 25. Kuendelea hadi pikseli moja kutakupa mkia mrefu unaoonekana kama tabia ya polima, kumbe ni ukungu wa lenzi.

Hatua ya 7: Grafu na hesabu

Chora kipenyo kwa kipimo cha logi dhidi ya muda wa kawaida. Utaona sehemu tatu. Ya kwanza inapinda chini kwa haraka. Hapo inersia na mvutano wa uso vinashindana, na polima bado imelala. Ya pili ni mstari mnyoofu. Ya tatu, ukibahatika kuiona, inashuka tena kwa kasi kwa sababu minyororo imefika mwisho wa urefu wake na haiwezi kuongeza upinzani.

Mstari mnyoofu wa katikati ndio tunaoutaka. Katika sehemu hiyo kipenyo kinapungua kulingana na kipeo asilia cha toa t juu ya 3λ. Kwa hiyo λ ni muda uliopita, ukigawanywa kwa mara 3 ya logi asilia ya uwiano wa vipenyo. Chukulia uzi una mikromita 200 kwenye milisekunde 20, na mikromita 74 kwenye milisekunde 50. Uwiano ni 2.70, logi asilia yake ni 0.99. Milisekunde 30 ukigawanya kwa 3 × 0.99 unapata λ ya milisekunde 10.

Kasi ya kuvutika katika sehemu hii haibadiliki: ni 2 juu ya 3λ, hapa karibu 67 kwa sekunde. Uzi wenyewe ndio umeichagua kasi hiyo. Wewe huwezi kuiamuru, na huo ndio udhaifu mkuu wa njia hii.

Sasa mnato wa kuvutika. Mkazo kwenye uzi ni mvutano wa uso ukigawanywa kwa nusukipenyo: 0.062 kwa mikromita 37, takriban paskali 1,680. Gawanya kwa kasi ya 67, unapata paskali-sekunde 25. Mnato wa kuteleza wa myeyusho huo ukiwa 5 mPa·s, uwiano wa Trouton ni 5,000, mahali ambapo kimiminika cha kawaida kingekupa 3.

Kabla ya kuamini, fanya ukaguzi mmoja. Pima maji au ule mchanganyiko wa gliserini kwa mpangilio uleule. Kwa sindano hii, muda asilia wa kuporomoka kwa inersia ni kama milisekunde 2, na kipenyo kinatakiwa kushuka kwa kipeo cha theluthi mbili cha muda uliobaki kabla ya kukatika, bila mstari mnyoofu wowote kwenye grafu ya logi. Ukiuona mstari mnyoofu kwenye maji, sindano ni chafu au kamera haiwahi. Muda wa milisekunde 2 pia unakupa onyo: λ ikiwa ndogo kuliko hapo, mgeuko utatokea uzi ukiwa mwembamba mno na utahitaji kukuza zaidi.

Ukipata nafasi, linganisha na gundi ya zanthani. Mnyororo wake ni mgumu, umekaribia kuwa fimbo. Kwenye riometa mnato wake unashuka mno kasi inapopanda, kuliko poliethilini oksaidi yoyote utakayoitengeneza kwa urahisi, lakini uzi wake hukatika mapema. Fimbo haina fundo la kufungua. Jaribio hilo moja linafuta haraka dhana kwamba myeyusho unaopungua mnato ni lazima uvutike.

Data ya kutupa

Vishanga vikianza kuota kwenye uzi, simamisha hapo, maana kipenyo cha chini hakiwakilishi uzi mzima tena. Mstari wenye mawimbi madogo maana yake tone bado linayumba kwenye kioo. Uzi unaoelea pembeni umeguswa na upepo wa feni, kwa hiyo zungushia kizuizi cha plastiki. Kiyeyushi kinachopaa upesi kitaukausha uzi ukiwa bado hewani, na utapata λ inayokua kadiri uzi unavyokonda. Kuwa na wasiwasi pia na mstari unaopinda taratibu bila sehemu yoyote iliyonyooka. Mara nyingi polima hiyo ina minyororo ya urefu tofauti sana, na kulazimisha λ moja juu yake ni kuficha jambo ambalo msomaji wako alitaka kulijua.

Hatua ya 8: Kuripoti

Mwishoni mwa miaka ya 1980 maabara za nchi nyingi zilipewa kimiminika kimoja, kilichoitwa M1, myeyusho wa poliisobutilini, ili kila moja ipime mnato wake wa kuvutika kwa kifaa chake. Majibu yalitofautiana kwa mara mia na zaidi. Vifaa havikuwa vibovu. Kila kimoja kilikuwa kimevuta kimiminika kwa kasi yake, kwa muda wake, hadi urefu wake, na minyororo ilikuwa imefunguka kwa viwango tofauti. Mwaka 1997 kundi la mwanafizikia Steven Chu, Chuo Kikuu cha Stanford, lilitazama molekuli za DNA moja moja kwa darubini zikivutwa na mtiririko uleule, na hata hapo kila molekuli ilifunguka kwa namna yake, nyingine mapema, nyingine ikichelewa kwa sababu ilianza na mkunjo mbaya.

Kwa hiyo usiandike kamwe "mnato wa kuvutika ni paskali-sekunde 25" ukaishia hapo. Andika pia kasi, na jumla ya mvutiko hadi pale ulipopima: mara 2 ya logi asilia ya kipenyo cha mwanzo juu ya kipenyo cha sasa. Kwa mfano wetu, kutoka milimita 1.27 hadi mikromita 74, ni takriban 5.7. Ongeza uzito wa molekuli, msongamano na uwiano wake na c*, joto, umri wa myeyusho, namna ulivyokorogwa, kipenyo cha sindano, kimo, na fremu kwa sekunde. Toa λ kwa wastani na mtawanyiko wa marudio yako. Weka na grafu yenyewe, si namba tu, ili anayesoma aone ulichagua sehemu gani ya mstari.

Na tenga chupa moja ya myeyusho mmoja unaoufahamu vizuri kama kipimo cha rejea. Kila ukibadilisha sindano, taa, au mtu wa kuendesha kamera, anza na chupa hiyo. λ yake ikiwa palepale, endelea na sampuli mpya. Ikiwa imeshuka, tengeneza rejea mpya kwanza upime tena, maana huenda ni chupa iliyozeeka na vifaa havina kosa.